Pole ya Dirishani

Walinzi wa getini ndio waliompa jina la Mama Pole, na walinzi wakikubandika jina pale hospitalini halibanduki. Hata mkurugenzi aliwahi kujisahau akamwita hivyo mbele ya wageni, kisha akakohoa na kuangalia viatu vyake. Yeye mwenyewe hakuwahi kukasirika. Alisema humo ndani wamo wenye majina mabaya zaidi, na wengine ni wakubwa wake.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha waajiriwa wapya namna ya kuzungumza na watu. Kupima presha na kupanga mafaili kulikuwa na walimu wake, wenye mikoba na posho. Yeye alipewa kilichobaki: kusalimia, kusikiliza, kutomkata mtu kauli, kutoguna unapopokea simu, kutotafuna bigijii mbele ya mgonjwa. Karatasi iliyotoka makao makuu iliyaita mambo hayo stadi laini za mahali pa kazi. Mlinzi mmoja aliposikia akauliza hiyo laini ni ya mtandao gani na vifurushi vyake vikoje. Mama Pole alicheka mpaka akajifuta machozi.

Chumba alichopewa hakikuwa cha kuchekesha. Kilikuwa nyuma ya mashine za kufulia, ukuta unatoa jasho mchana kutwa, na dirisha lake moja linatazama mapipa ya taka. Viti vilikuwa vile vilivyokwisha kukataliwa na ofisi nyingine. Ukitaka kujua wakubwa wanaithamini kazi yako kiasi gani, usisome hotuba zao, angalia chumba walichokupa. Mama Pole alikifagia mwenyewe kila asubuhi, akafungua dirisha, akafunga tena kwa sababu ya harufu, na darasa likaanza.

Alikuwa na sababu ya kuing'ang'ania kazi hiyo. Alipokuwa msichana, mama yake alilazwa katika hospitali nyingine, kubwa na chafu. Siku moja alitoka kwenda nyumbani kuchukua shuka, aliporudi akakuta kitanda kimetandikwa upya. Akakimbilia dirishani. Karani alikuwa anamenya chungwa, hakuinua hata uso. Akamwambia huyo hayupo, ateremke chini, mlango wa kijani. Msichana akashukuru. Akateremka na shuka lake mkononi akidhani chini ni wodi ya wanaopata nafuu, akasukuma mlango, na huko ndani ndiko alikojua kwamba hana mama.

Hakuwahi kumsamehe yule karani, na sioni kwa nini angemsamehe. Alipokua akatafuta kazi ya dirishani na akaipata. Alikaa pale miaka mingi, na watu walikuwa radhi kupanga foleni yake ndefu kuliko kwenda kwenye foleni fupi ya jirani yake. Malalamiko juu ya lugha chafu za wafanyakazi yalipozidi, uongozi ukamtoa dirishani ukampeleka nyuma ya mashine za kufulia, akawafundishe wengine alichokuwa nacho yeye.

Somo lake lote lilisimama juu ya neno moja. Mtu akifika dirishani, alisema, kabla hujamuuliza kadi, kabla hujagusa kompyuta, mpe pole. Hakuna anayekuja hapa kwa raha zake. Na alikuwa mkali juu ya namna ya kuitoa. Kuna pole ya kutupa, ile unayoitema huku macho yako kwenye simu, na hiyo heri uimeze. Weka kalamu chini. Mtazame mtu machoni. Shusha sauti. Sema, kisha nyamaza kidogo, umwachie nafasi ya kupumua. Aliwasimamisha mmoja mmoja mbele ya darasa wakarudia na kurudia, na anayecheka alianza upya.

Mwanzoni aliwaacha waseme pole kamili, kama watu wote wanavyosema, pole na hiki au pole kwa kile. Ikawa vituko. Kijana mmoja alimwambia pole na safari mtu anayekaa ng'ambo ya barabara. Mwingine alimwambia pole kwa kuuguza, na kumbe ni bwana aliyekuja kudai malipo ya saruji. Mwingine tena alimwambia mama mjamzito pole na ugonjwa, na yule mama akampa za uso mbele ya foleni nzima. Mama Pole akachoka kuombea watu radhi. Akaamua kuikata mkia. Kuanzia hapo ikawa pole sana, basi, na kimya. Haiwezi kumkosea mtu, alisema, kwa sababu haisemi chochote.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilikaa miaka bila mtu kulishtukia. Wewe na mimi tunajua. Mtu akikwambia pole na kazi, unaendelea na kazi. Akikwambia pole kwa kuuguza, unajua mgonjwa wako bado ni mgonjwa. Lakini mtu aliyevaa sare ya hospitali akiweka kalamu chini, akakutazama machoni, akashusha sauti, akasema pole sana, halafu akanyamaza, utaelewa nini? Waliofundishwa wengi waliifanya hovyohovyo, kwa haraka, ikatoka kama salamu nyingine yoyote, na uvivu wao ukawa salama ya watu.

Mpaka alipokuja mwanafunzi hodari.

Alikuwa binti mwembamba, mpole, wa maneno machache, aliyesota mtaani muda mrefu na cheti chake kabla ya kupata nafasi ile ya mapokezi. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na nyumbani kwao wote walikuwa wanamtazama yeye. Sauti yake ilikuwa ya chini hata bila kufundishwa. Siku aliyosimama mbele ya darasa akatoa pole yake, chumba kizima kilinyamaza, na dada mmoja wa usafi aliyekuwa anapita na ndoo akasimama mlangoni akauliza kumetokea nini. Mama Pole alimkumbatia. Alimwambia kwamba tangu aanze kufundisha hajawahi kumpata aliyelielewa somo kama yeye. Aliomba binti apangwe dirisha la kwanza, lile linalotazama mlango mkuu, akakubaliwa.

Asubuhi ya tukio lenyewe alikuja seremala mmoja mzee kumuulizia mkewe. Alikuwa amemleta mapema, akapasuliwe uvimbe tumboni, na manesi wakamwambia asikae bure, aende akapumzike, arudi baadaye. Alirudi amevaa shati safi. Alilitaja jina la mkewe, akasema ndiye aliyeingizwa chumba cha upasuaji leo.

Binti aliweka kalamu chini. Alimtazama machoni.

"Pole sana, baba," akasema, na akanyamaza kama alivyofundishwa.

Mzee alishika ukingo wa dirisha. Akasema, "Asante, mwanangu. Ndiyo hivyo." Binti akageukia kompyuta kutafuta wodi. Mtandao ulikuwa unasuasua, simu ya mezani ikalia, akaipokea kwa adabu zake zote. Alipogeuka na jibu, kwamba mama ametoka salama na yuko wodi ya pili, mzee hakuwepo. Alidhani ameenda kukaa kwenye viti. Nyuma kulikuwa na foleni, akamwita anayefuata.

Watu walikuja kuuliza baadaye kwa nini mzee hakusema neno la ziada, kwa nini hakuuliza amekufaje, saa ngapi, yuko wapi. Wanaouliza hivyo hawajawahi kupewa pole ya namna ile. Ukishapewa huulizi. Unageuka, unatafuta mlango, unafikiria utawaambiaje watu wa nyumbani.

Aliwaambia. Wanawake wa jirani wakaanza kulia, viti vikaazimwa nyumba kwa nyumba, simu zikapigwa kwa ndugu wa mbali. Mzee mwenyewe hakukaa na watu. Alikwenda kwenye karakana yake nyuma ya nyumba akachagua mbao, akasema jeneza la mkewe hatalitengeneza mtu mwingine. Hakupima. Alikijua kimo chake. Watu walisikia msumeno, wakaambiana mwacheni, ndiyo namna yake ya kulia. Jua lilikuwa kali na presha yake ilikuwa inajulikana mtaa mzima, ila siku hiyo hakuna aliyeikumbuka.

Mdogo wake ndiye aliyekwenda hospitali kuuchukua mwili wa shemeji yake. Alianzia chini, chumba cha maiti. Mhudumu wa huko aliangalia, akaangalia tena, akamwambia hana mtu wa jina hilo, apande juu aulize mapokezi. Akapanda kwa hasira, tayari kupigana, akidhani wamempoteza maiti wao. Binti akatafuta jina, na safari hii mtandao haukusumbua. Akamwambia kwa furaha kabisa kwamba mama yuko wodi ya pili, ameamka, na anamuulizia mumewe.

Yule bwana alicheka. Walikuwepo walioona, wanasema alicheka kama mwendawazimu, akampiga mlinzi begani, akampigia simu mtoto wa kaka yake aliyeko nyumbani. Akamwambia asimamishe kilio, mama yako mzima, tumechanganyiwa habari. Alingoja asikie shangwe. Upande wa pili haukuwa na shangwe. Baba, akaambiwa, ameanguka karakanani sasa hivi, wamemwinua, hapumui.

Mama Pole alikuta mambo yamekwisha kuharibika. Aliitwa kutoka darasani akiwa katikati ya somo, akapelekwa ofisini kwa afisa utumishi, bwana mwenye sauti nzuri na kiyoyozi. Binti alikuwa amesimama pembeni, mikono imekamatana. Mdogo wa marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, na maji aliyopewa yalikuwa bado mezani hayajaguswa.

Afisa alikwisha kuamua. Mfanyakazi wa majaribio ametoa taarifa ya uongo ya kifo, kinyume na taratibu, na hospitali imesitisha ajira yake mara moja. Binti alijaribu kusema hakumwambia mtu kwamba kuna kifo, alisema pole tu. Afisa akamkatiza, akamuuliza pole ya nini. Binti akamtazama Mama Pole.

Miaka yote ile alikuwa amewafundisha watu kwamba mtu akikutazama hivyo usikwepe. Hakukwepa. Alisema binti amefanya alichofundishwa, neno kwa neno, na kama kuna wa kumwaga unga leo ni yeye aliyelikata neno mkia. Akaeleza habari ya mkia. Akawa anajisikia anavyoeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyolielewa kosa lake, pale pale, mbele ya watu. Kama angemwacha binti aseme pole kwa kuuguza, mzee yule angekuwa amekaa kwenye viti vya mapokezi anasubiri kuingia wodini.

"Nimekusikia, mama," afisa akasema taratibu. "Sasa tukiandika kwamba hivyo ndivyo tunavyowafundisha wote, tutamaliza lini? Kaa na hiyo habari moyoni." Akamgeukia binti, akamwambia akabidhi sare. Na binti akatoka, bila kulia, bila kumtazama tena mtu yeyote. Alifundishwa kutoinua sauti kazini, akatii mpaka mwisho.

Likabaki jambo moja, na afisa akaliingia kwa kuzunguka. Mke wa marehemu alikuwa anauliza mumewe yuko wapi. Manesi walimwambia yuko njiani, kisha wakamwambia foleni ya magari, na sasa walikuwa wanakipita kitanda chake bila kugeuza shingo. Daktari alisema kumficha ni vibaya kuliko kumwambia, ila aambiwe na mtu anayejua kusema. Afisa alipendekeza familia. Hapo mdogo wa marehemu alifungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Nyinyi ndio mlioanza kusema," akasema. "Basi malizieni."

Mama Pole alipanda ngazi mwenyewe. Njiani alikuwa na kiapo kimoja tu, kwamba neno lile halitamtoka. Angeweza kusema lolote, si lile. Lilikuwa limekwisha kuua mtu mmoja leo, hakutaka kulipeleka kwenye kitanda cha pili. Akapiga moyo konde, akaingia wodini, akavuta kiti, akakaa. Yule mama alikuwa mnene kiasi, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha hospitali, mpira wa maji umebandikwa mkononi. Alimtazama mgeni wake kwa utulivu. Akamwambia kama ni habari ya malipo, angojewe mume wake, yuko njiani.

Mama Pole alimwambia. Hakuzungushazungusha. Alisema mume wako alikuja asubuhi kukuulizia, akaelewa vibaya alichoambiwa dirishani, akadhani umefariki. Akaenda nyumbani akawaambia watu. Ameanguka karakanani mchana huu, na amefariki yeye. Alisema yote hayo kwa sauti iliyonyooka, macho kwa macho, na alipomaliza akafunga mdomo.

Yule mama hakupiga kelele. Kidole chake kilisugua plasta ya mkononi. Kwenye kitanda cha jirani mtu aliacha kukohoa ili asikilize.

"Aliambiwa nini hasa?" akauliza.

"Aliambiwa pole."

"Pole tu?"

"Pole sana. Basi."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali, kwa sababu na yeye alikuwa anaijua lugha yake. Akasema huyo ndiye mume wake, hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili, hata sokoni alikuwa anapunjwa. Kisha akageuza uso akamtazama Mama Pole vizuri, sare yake, mikono yake iliyokuwa imetulia mapajani, na kitu kikabadilika usoni pake.

"Umeniambia mume wangu amekufa," akasema. "Umekaa hapo unanitazama. Mbona hata pole huniambii, dada?"

Mama Pole alifungua mdomo. Neno alilolisema maelfu ya mara, alilowapigia watu makelele mpaka wakalijua, lilikwama. Alilitafuta. Lilipotoka lilikuwa limekatikakatika, bila sauti ya kushusha wala kupandisha, na machozi yakatangulia mbele yake. "Pole, mama. Pole kwa msiba. Pole jamani." Akawa hawezi kuacha. Alilisema na kulirudia kichwa kimeinama juu ya ukingo wa kitanda, na kila lililotoka lilikuwa limechelewa.

Yule mama hakumjibu. Hakusema asante, hakusema nimeshapoa. Alimwacha alie mpaka akaishiwa, kisha akamwita nesi aliyekuwa amejibanza mlangoni, akamwambia amtoe ule mpira mkononi na amletee nguo zake. Nesi akasema haiwezekani, ana mshono mbichi, akisimama unaachia. Daktari naye akaja akasema vilevile, na afisa akaitwa, na kila mmoja akaongea kwa lugha nzuri kabisa.

"Uachie," akasema yule mama, na tayari alikuwa anashusha mguu mmoja sakafuni, ameshikilia tumbo. "Nyumbani kumejaa watu waliokuja kunililia mimi, na aliyekuwa anawapokea hayupo. Nani atawapokea?"

Mama Pole aliinuka, akapiga magoti sakafuni, akaanza kumvalisha viatu.